Roboti katika upasuaji wa saratani: Kovu dogo si hakikisho la kupona

Na MWANDISHI WETU

MTU anayeingia kwa mara ya kwanza katika chumba ambamo upasuaji hufanywa kwa roboti hubaki ameduwaa. Mgonjwa amelazwa mezani akiwa amedungwa dawa ya usingizi, kichwa kimeinamishwa chini na miguu imeinuliwa. Juu yake imemwinamia mikono minne ya chuma iliyovishwa plastiki safi, mfano wa buibui mkubwa. Muuguzi yuko. Daktari wa dawa ya usingizi yuko. Lakini daktari mpasuaji mwenyewe hayuko kando ya mgonjwa. Ameketi pembeni, hatua chache kutoka mezani, uso wake ameuingiza katika mtambo unaofanana na sanduku, na vidole vyake vinacheza hewani kama vya mpiga kinanda.

Kila vidole hivyo vinapocheza, ndani ya tumbo la mgonjwa makasi madogo hukata.

Hivi ndivyo wanawake wengi katika Marekani, Ulaya na India wanavyotibiwa saratani za viungo vya uzazi. Sifa za matibabu hayo zimefika hata huku kwetu, na kwa familia iliyopata habari mbaya kutoka kwa daktari, sifa hizo huvutia mno.

Tufikirie mama wa miaka 44 anayeishi mtaa wa Umoja, Nairobi. Ameambiwa kwamba ana saratani ya mlango wa uzazi, ila bado ni changa na inaweza kuondolewa kwa upasuaji. Daktari wake katika hospitali ya umma amemweleza kwamba atapasuliwa tumbo kwa njia ya kawaida. Ndugu zake hawataki kusikia hayo. Mmoja wao ameona tangazo la hospitali fulani ya ng'ambo: upasuaji kwa roboti, matundu madogo, damu haba, na mgonjwa kurudi nyumbani baada ya siku mbili. Tayari wameanza kupanga harambee ili wamsafirishe.

Ni nani anayemtakia mema zaidi, daktari au ndugu zake? Wote wanamtakia mema. Hata hivyo, kwa ugonjwa alio nao mama huyu, tangazo lile lingeweza kumponza.

Mkono wa daktari, si wa mashini

Kwanza ni vyema kufahamu roboti hii ni kitu gani, kwa sababu jina lenyewe huwapotosha wengi. Haifikirii wala haiamui lolote. Haiwezi kukata hata uzi bila ya daktari kuiamuru. Ni chombo kinachofuata mikono ya mtu aliyeketi kwenye kiti cha uendeshaji.

Mtambo ulioenea zaidi duniani huitwa da Vinci na hutengenezwa na kampuni ya Intuitive Surgical ya California, Marekani. Shirika la Chakula na Dawa la nchi hiyo (FDA) liliuruhusu utumike katika upasuaji wa tumbo mwaka wa 2000, na mwaka wa 2005 likauruhusu katika upasuaji wa magonjwa ya wanawake, ukiwemo ule wa kuondoa mfuko wa uzazi.

Badala ya kupasua tumbo kwa mkato mmoja mrefu, daktari hutoboa matundu manne au matano, kila moja likiwa na upana usiozidi sana sentimita moja. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi ili litune na kutoa nafasi ya kufanyia kazi. Kupitia tundu moja huingizwa kamera yenye macho mawili, ambayo humwonyesha daktari viungo vya ndani vikiwa vimekuzwa hadi mara kumi, tena kwa kina, kana kwamba amesimama humo ndani. Kupitia matundu mengine huingizwa vifaa vya kushika, kukata, kuchoma mishipa na kushona.

Uzuri mkubwa wa vifaa hivyo ni kwamba vina kiwiko na kifundo mfano wa mkono wa binadamu, na hujipinda hata pale ambapo mkono wenyewe usingefika. Isitoshe, mtambo huondoa mtetemeko wa vidole. Daktari akisogeza mkono wake sana, ncha ya kifaa husogea kidogo tu. Katika sehemu nyembamba kama nyonga, ambamo kibofu, mirija ya mkojo, utumbo na mishipa mikubwa ya damu vimebanana, huo si msaada mdogo.

Upungufu wake nao upo. Kwa mitambo mingi iliyo kazini, daktari hahisi ugumu au ulaini wa kitu anachokishika, bali hutegemea macho yake peke yake. Aidha, ujuzi huo haupatikani kwa siku moja. Daktari aliyefanya upasuaji kumi kwa roboti si sawa na aliyefanya mia mbili.

Panapofaa roboti

Watu wengi huzungumza juu ya saratani ya wanawake kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Lakini viungo vya uzazi ni vingi, na saratani ya kila kiungo ina tabia zake. Hapa tutaangalia tatu zinazojulikana zaidi: ya mfuko wa uzazi, ya mlango wa uzazi na ya ovari.

Saratani ya mfuko wa uzazi huanzia katika ukuta wake wa ndani, na huwapata zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Unene wa kupita kiasi huchangia sana, na wengi wa wagonjwa hao pia wana kisukari au shinikizo la damu. Mwanamke mnene akipasuliwa tumbo kwa mkato mrefu, kidonda hukawia kupona, na mara nyingi huingia usaha. Hukaa kitandani siku nyingi, na damu inaweza kuganda katika mishipa ya miguu.

Hapa ndipo matundu madogo yanapokuwa na manufaa makubwa. Mgonjwa hupoteza damu kidogo, maumivu hupungua, na mara nyingi huenda nyumbani baada ya siku moja au mbili badala ya nne, tano au zaidi. Lakini swali kubwa ni je, saratani haitarudi?

Watafiti wa Australia, New Zealand na Hong Kong walilijibu swali hilo katika matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2017. Waliwafuatilia wanawake 760 wenye saratani changa ya mfuko wa uzazi. Baadhi walipasuliwa kwa njia ya kawaida na wengine kwa matundu madogo, vifaa vikishikwa kwa mkono bila roboti. Baada ya miaka minne na nusu, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 81.3 katika kundi la kwanza na asilimia 81.6 katika kundi la pili. Yaani hapakuwa na tofauti ya maana. Hivyo, kwa saratani hiyo, matundu madogo yana faida bila ya kumhatarisha mgonjwa, na roboti humrahisishia daktari kazi, hasa mgonjwa akiwa mnene.

Mtambo huu una jambo jingine la kupendeza. Daktari anaweza kudunga dawa ya rangi katika mlango wa uzazi, kisha akawasha taa maalumu ya kamera. Dawa hiyo hung'aa kijani na kufuata mkondo hadi kwenye tezi za kwanza ambako saratani ingekimbilia. Daktari huziondoa hizo chache na kuzipeleka maabara, badala ya kuondoa tezi zote za nyonga. Mwanamke aliyeondolewa tezi zote anaweza kuvimba miguu maisha yake yote.

Utafiti ulioshtua madaktari

Saratani ya mlango wa uzazi ni jambo jingine. Huanzia kwenye shingo ya mfuko wa uzazi, pale unapoungana na uke. Ikigunduliwa mapema, moja ya tiba zake ni upasuaji mkubwa wa kuondoa mfuko wa uzazi pamoja na nyama zilizouzunguka na sehemu ya juu ya uke. Upasuaji huo si mpya. Daktari Ernst Wertheim alianza kuufanya mjini Vienna mwaka wa 1898, na kwa karne nzima tumbo lilikuwa likipasuliwa.

Roboti ilipokuja, madaktari wengi waliamini kwamba kilichofaa kwa saratani ya mfuko kingefaa pia kwa saratani ya mlango. Lilikuwa wazo la busara. Wagonjwa waliamka na makovu madogo, wakarudi kazini mapema, na kila mtu akafurahi. Kwa miaka mingi ushahidi uliokuwepo haukuonyesha ubaya wowote.

Kisha hospitali 33 kutoka nchi mbalimbali, zikiongozwa na Daktari Pedro Ramirez wa kituo cha saratani cha MD Anderson huko Houston, Marekani, ziliamua kulipima jambo hilo ipasavyo. Utafiti huo, unaojulikana kama LACC, ulianza kuwasajili wanawake mwaka wa 2008. Waligawanywa kwa kura ili daktari asiweze kumchagulia mgonjwa kundi. Wanawake 312 waliwekwa katika kundi la kupasuliwa tumbo, na 319 katika kundi la matundu madogo, iwe kwa vifaa vya mkono au kwa roboti.

Mwaka wa 2017 kamati ya usalama iliamuru usajili usimamishwe kabla ya idadi iliyokusudiwa kufikiwa. Matokeo yalipochapishwa mwaka wa 2018, yaliwaacha madaktari vinywa wazi. Baada ya miaka minne na nusu, asilimia 96.5 ya waliopasuliwa tumbo walikuwa hai bila saratani kurudi. Kwa waliopasuliwa kwa matundu madogo, ilikuwa asilimia 86. Waliokufa katika kundi la kwanza walikuwa watatu. Katika kundi la pili walikuwa 19.

Wapo waliopinga, wakasema kwamba roboti ilitumika kwa wagonjwa wachache tu katika utafiti huo, karibu mmoja kati ya sita wa kundi la matundu. Lakini watafiti wengine walikuwa wamepekua rekodi za wanawake 2,461 waliotibiwa nchini Marekani kati ya 2010 na 2013, na matokeo yao yalichapishwa wakati huo huo. Miongoni mwa waliopasuliwa kwa matundu madogo, wanne kati ya kila watano walihudumiwa kwa roboti. Baada ya miaka minne, waliofariki katika kundi hilo walikadiriwa kuwa asilimia 9.1, ikilinganishwa na asilimia 5.3 ya wale waliopasuliwa tumbo.

Mwezi wa Februari mwaka wa 2019, shirika la FDA lilitoa onyo kwamba usalama na manufaa ya roboti katika kutibu au kuzuia saratani yalikuwa hayajathibitishwa, likitaja saratani ya matiti na ya mlango wa uzazi. Madaktari wengi waliokuwa wamelizoea jukwaa la roboti walirudi kushika kisu.

Kwa nini ikawa hivyo?

Sababu bado zinachunguzwa, lakini zipo zinazoshukiwa zaidi. Katika upasuaji wa matundu madogo, mara nyingi daktari huingiza chuma kupitia ukeni hadi ndani ya mfuko wa uzazi ili aweze kuugeuza huku na huku. Chuma hicho hupita katikati ya saratani yenyewe, na huenda kikazichubua seli zake na kuzitawanya. Tena, uke unapokatwa kwa ndani huku tumbo limejaa hewa, uvimbe hukaa wazi na seli zake zinaweza kupeperuka na kutua kwingineko. Daktari anayepasua tumbo huweza kuufunga uke kwa chini ya uvimbe na kuutoa wote ukiwa umefungika, mithili ya mtu anayebeba taka ndani ya mfuko uliofungwa.

Saratani ya mfuko wa uzazi kwa kawaida imejificha ndani ya ukuta mnene, ndiyo maana haidhuriki kwa njia hiyo kwa urahisi.

Katika Ulaya, rekodi za upasuaji uliofanywa miaka ya 2013 na 2014 zilionyesha kwamba hatari ilipungua pale madaktari walipoacha kutumia chuma hicho au walipoufunika uvimbe kabla ya kukata. Ndiyo maana watafiti wa Sweden na wenzao wa nchi nyingine walianzisha utafiti mwingine, uitwao RACC, unaolinganisha roboti na upasuaji wa kawaida kwa tahadhari zaidi. Kupotea njia ndiko kujua njia. Lakini mgonjwa wa leo hawezi kutibiwa kwa matumaini ya utafiti wa kesho.

Kuhusu saratani ya ovari, maelezo ni mafupi. Wagonjwa wengi hugunduliwa wakati imekwisha kusambaa tumboni, na daktari hutakiwa kuondoa kila chembe anayoweza kuiona na kuigusa. Kazi hiyo kwa kawaida huhitaji tumbo lililofunguliwa kutoka juu hadi chini.

Fedha na umbali

Mtambo mmoja wa roboti hugharimu takriban dola milioni mbili, yaani zaidi ya shilingi milioni 250 za Kenya, na utunzaji wake hupita dola 100,000 kwa mwaka. Vifaa vya kukatia vina idadi maalumu ya matumizi. Idadi hiyo ikiisha, mtambo hukataa kuvipokea hata kama bado ni vikali. Gharama hizo zote hatimaye humwangukia mgonjwa au anayemlipia.

Bara la Afrika halikuachwa nyuma kabisa. Afrika Kusini na Misri zimekuwa na mitambo hii kwa miaka kadhaa. Mwaka wa 2023 kituo cha IRCAD, tawi la taasisi ya Strasbourg nchini Ufaransa, kilifunguliwa mjini Kigali, Rwanda, kuwafunza madaktari wa Afrika upasuaji wa matundu madogo. Mwanzilishi wa taasisi hiyo, Daktari Jacques Marescaux, ndiye aliyeketi New York mwezi wa Septemba 2001 na kumwondolea kifuko cha nyongo mwanamke aliyekuwa amelazwa Strasbourg, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Hata hivyo, kwa mwanamke wa Kenya mwenye saratani ya mlango wa uzazi, ukosefu wa roboti si tatizo kubwa. Inakadiriwa kwamba zaidi ya wanawake 5,000 hapa nchini hugunduliwa kuwa na ugonjwa huu, unaotokana na virusi vya HPV, kila mwaka, na zaidi ya 3,000 huaga dunia. Wengi wao hufika hospitalini wakiwa wamechelewa. Saratani ikishapita kiwango fulani haiondolewi kwa kisu cha aina yoyote, kiwe cha mkono au cha roboti. Hutibiwa kwa miale pamoja na dawa za kuua seli za saratani. Tatizo lao ni foleni ya miale, nauli, na miezi iliyopotea kabla ya kupimwa.

Maswali ya kumwuliza daktari

Mwanamke aliyeshauriwa kupasuliwa ana haki ya kuuliza, na daktari mwema hachukizwi na maswali. Kwanza aulize: saratani yangu imeanzia kiungo gani, na imefika kiwango gani? Pili: kwa saratani ya aina hii, je, imethibitishwa kwamba matundu madogo hayaongezi hatari ya ugonjwa kurudi? Tatu: daktari atakayenipasua amefanya upasuaji huu mara ngapi? Nne: je, nitahitaji miale au dawa baadaye, na nitazipata wapi nikisharudi nyumbani? Tano: gharama zote ni kiasi gani, na bima yangu, ikiwemo ile ya SHA iliyochukua mahali pa NHIF mwaka wa 2024, italipa sehemu gani?

Ikiwa ana saratani ya mfuko wa uzazi na akaambiwa kwamba matundu madogo yanafaa, hana sababu ya kuogopa. Ikiwa ana saratani ya mlango wa uzazi na akaahidiwa roboti kwa ajili ya kovu dogo tu, aombe maoni ya daktari wa pili.

Dalili ambazo mwanamke hapaswi kuzipuuza ni kutokwa na damu baada ya kujamiiana, kutokwa na damu kati ya hedhi moja na nyingine, au kutokwa na damu hata tone moja baada ya hedhi kukoma. Majimaji yenye harufu mbaya na maumivu ya nyonga yasiyoisha pia yachunguzwe. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Katika ugonjwa huu, mficha uchi hufa.

Uchunguzi wenyewe si wa kutisha. Katika vituo vingi vya afya, muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa uzazi na kutazama. Sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo kabla haijawa saratani. Kipo pia kipimo cha virusi vya HPV. Wanawake wa kati ya miaka 25 na 49 ndio wanaohimizwa zaidi, na wanaoishi na virusi vya ukimwi wasikose, kwa kuwa hatari yao ni karibu mara sita ya wengine.

Kwa wasichana ipo chanjo ya HPV, ambayo Kenya ilianza kuwapa wa miaka 10 mwezi wa Oktoba 2019. Utafiti uliofanyiwa hapa hapa nchini, katika Nairobi, Thika na Kisumu, kwa wasichana na wanawake vijana 2,275, ulionyesha mwaka wa 2022 kwamba dozi moja tu ilikinga kwa asilimia 97.5 dhidi ya aina mbili za virusi zinazosababisha saratani nyingi zaidi.

Tumrudie yule mama wa Umoja. Daktari wake wa hospitali ya umma, aliyemwambia habari za mkato mrefu na kitanda cha siku kadhaa, hakuwa mshamba aliyepitwa na wakati. Alikuwa akimpa tiba iliyoonyesha kwamba wanawake wenye ugonjwa kama wake huishi zaidi. Harambee ya ndugu zake isivunjwe. Fedha hizo zitamlipia vipimo, chakula bora na nauli za kliniki katika miaka ijayo, kwani atahitaji kufuatiliwa. Na siku atakapotoka hospitalini na kovu lake refu, awachukue dada zake kwenda kupimwa, na binti yake kwenda kuchanjwa.